Kombe la Kiingereza

Juzi, katika skuli moja ya Konde, nilimwona mwalimu akibandika vikaratasi vya maneno ya Kiingereza mlangoni na dirishani. Nikakumbuka harufu ya zafarani.

Utotoni niliamini kuwa neno hukaa kichwani likinywewa, kama kombe, aya tulizoandikiwa na shehe sahanini tukiugua, zikaoshwa tukanywa. Basi alasiri moja, mtihani ukiwa kesho, niliandika kwa zafarani kwenye sahani nyeupe Kiingereza cha mlango, ndoo na kijiko. Bibi akanikuta.

"Nsomee kwanza, na maana yake," akasema. Kila nilipokwama alinirudisha mwanzo. Ndipo nikayaosha maneno kwa maji, nikanywa.

Mtihanini sikusahau hata neno moja, nikaisifu sahani. Lakini bibi hakunywa hata tone, na jioni, uji ulipoiva, aliniagiza: "Nletee spuni."