Vijiti Bila Vanishi

Siku ya kwanza Mzee Randa alipoona kazi ya binti yake, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Yaani panya nao sasa wanatengenezewa fanicha? Enzi zetu tuliwatega!"

"Si panya, baba. Ni hamsta. Watu wanawafuga ndani, kwenye vizimba."

"Ana mkia?"

"Anao, mfupi."

"Basi ni panya aliyepungukiwa. Haya, lete msasa."

Hivyo ndivyo fundi wa vitanda na makabati alivyoingia katika kazi ya vijiti vya kutafuna. Mkewe alikuwa amefariki, na kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumponyoka. Aliviweka viatu jikoni, akamwita binti yake kwa jina la shangazi. Lakini ukimpa kipande cha mti mkononi, anakuwa fundi yule yule, mkali na mwenye utani. Binti, ambaye majirani walimwita Mama Panya naye hakununa, alijua kwamba meza ile ya kazi ndiyo iliyombakiza baba yake.

Kazi yenyewe ilidai uaminifu kuliko ustadi. Meno ya hamsta hayaachi kukua. Asipopata kitu kigumu cha kutafuna yanamzidi kinywa, akashindwa kula. Na anachotafuna, sehemu yake inaingia tumboni. Kwa hiyo binti alichukua matawi ya mtufaha kwa mwenye bustani asiyepuliza dawa, akayasugua kwa maji ya moto bila sabuni, akayakata urefu wa kidole na kuyakausha kwenye oveni ya moto mdogo. Mzee alipiga msasa ncha zake zisiwe na vibanzi. Gundi hapana, rangi hapana. Mabaki ya mbao za kiwandani hayakuvuka kizingiti, hata yakitolewa bure, maana hujui yalilowekwa nini.

Siku moja binti alitoka kununua mifuko ya karatasi. Mzee alipomaliza msasa alivitazama vijiti, vikavu, vyeupe, na mkono wake ukafanya ulichokifanyia kila kitanda tangu ujana wake: ukashusha kopo la vanishi kutoka kwenye rafu. Alipaka kwa utulivu, akavianika dirishani hadi vikakauka, na mwenye duka la wanyama alipopita kuchukua mzigo, akamkabidhi kwa fahari.

Mwenye duka alirudi baada ya siku chache, uso umemshuka.

"Dada, nilidhani ni aina mpya, vinang'aa. Kuna mtoto, hamsta wake amekufa."

Binti alikinusa kijiti kimoja tu. Akajua ni vanishi. Alivikusanya vyote vilivyokuwa dukani, kisha akaenda kwa yule mtoto, akapiga magoti mbele yake na kusema, "Kosa ni langu. Niliacha vanishi mahali pasipostahili." Mtoto alikuwa ameshika kizimba kitupu.

Kopo aliliondoa. Kesho yake akamkuta baba anapaka vijiti dawa ya viatu.

"Baba, unafanya nini?"

"Unauliza nini? Mti uchi ni kazi ya nusu. Aliyekufundisha nani?"

Alikuwa ni yeye mwenyewe, baba yake.

Kaka yake, kwenye simu, alikuwa na dawa nyepesi. "Mwache apake, wewe tupa. Hatajua."

"Nitajua mimi."

Alisema kweli, na wengi wetu tungechagua njia ya kaka na kuiita huruma. Mtu aliyeishi kwa kazi ya mikono yake hafanywi mchezo. Jioni ile alikaa na baba mezani, akamweleza kila kitu, hata habari za mtoto na kizimba, kisha akamwomba asiingie tena karakana. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa. Alivua aproni yake, akaikunja, akasema, "Basi nisiende tena. Umefanya sawa, mwanangu."

Asubuhi alikuwa mlangoni mwa karakana, anatikisa kufuli alilolifunga binti.

Binti akamweleza upya, na uchungu ukawa mpya. Ikawa hivyo kila kulipokucha: mzee mlangoni, binti akisema, mzee akiinamisha kichwa kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Kwa baba ilikuwa habari ya siku moja. Kwa binti ilijilundika.

Kisha ikafika asubuhi ambayo kufuli halikutikiswa. Binti alimkuta chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu, mikono juu ya magoti.

"Leo huendi kazini, baba?" Alilijutia neno hilo kabla halijamtoka lote.

"Nimekatazwa."

Kati ya yote yaliyompotea, hilo ndilo lililobaki.

"Na nani?"

"Kuna mwanamke pale karakana. Sijui nimemkosea nini." Alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni. "Wewe mama unaonekana mwema. Niombee kwake. Mwambie mimi ni fundi, siyo mtu wa kubahatisha."

"Baba, ni mimi."

"Hapana," alisema, akimpigapiga mkono kumtuliza. "Yule ni mkali. Wewe unalia."

Binti alichuchumaa, akaanza kumfungua kamba za viatu.

"Utamwambia?"

"Nitamwambia, baba."