Jiwe la Tatu Uani kwa Bibi

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi tukaikanyaga kwa miguu pekupeku, akatupa na umri wa kusimulia tuliyoyaona. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na awarehemu wazee wetu waliotufundisha alifu kwa kijiti juu ya mchanga.

Enzi zetu, wakati wa Mwingereza, saruji haikuwa kitu cha kila nyumba. Sisi wa Korogwe ya zamani, karibu na mto Pangani, tulizaliwa ndani ya nyumba za miti na udongo, na sakafu ilikuwa udongo huohuo uliokandamizwa ukang'aa. Lakini uani kwa Bibi yangu, mama mzazi wa baba, kulikuwa na mawe manne. Tuliyaita mawe, ingawa kwa kweli yalikuwa mabamba ya zege. Babu, ambaye sikumkuta hai, aliyamimina kwa mikono yake mwenyewe kwa saruji iliyobaki alipokuwa kibarua wa mafundi wa reli. Aliyapanga mstari mmoja kutoka mlango wa uani hadi chooni, ili mkewe asikanyage tope wakati wa masika.

Mawe yale yalikuwa dunia yetu. Asubuhi tulianika juu yake makopa ya muhogo, na harufu yake chachu ilitufuata hadi shuleni. Adhuhuri yaliwaka moto, tukashindana nani atasimama muda mrefu bila kurukaruka. Jioni tulicheza mchezo wa mamba: unaruka jiwe hadi jiwe, ukikanyaga udongo umeliwa. Tukichoka tuliitwa kula bada, ugali wa makopa hayohayo, kwa mlenda, sahani moja, mikono sita, na asiyenawa alifukuzwa kama kuku.

Bibi alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili kabla sijaanza chuo cha Kurani. Mimi niliachwa kwake niwe macho yake, ingawa yeye ndiye aliyejua nimelamba sukari wakati mimi nilidhani nimejificha. Aliyajua mawe yake kwa nyayo. La kwanza, la pili, la tatu: hapo anasimama, maana kwenye jiwe la tatu ndipo ulipokaa mtungi na kata, na ndipo alipotawadha kwa sala tano, kila siku ya Mungu. Alikuwa mtu wa kuchunga sana udhu wake.

Mwaka mmoja masika yalikuwa makali. Maji yaliingia uani, yakakaa, yakaondoka na udongo wa chini. Jiwe la tatu likazama upande mmoja, upana wa kiganja kizima, na jiwe la pili likabaki juu kama ngazi. Bibi aliteleza alfajiri moja, akaangukia goti. Hakulia. Alisema tu, "Mume wangu amenisukuma leo," akacheka. Lakini goti lilivimba.

Baba alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge Ngombezi, upande wa korona, kiwanda cha kusaga majani. Aliishi kambini katika chumba kimoja. Alipolisikia jambo lile alikuja Jumamosi, nguo zake zikinuka maji ya mkonge, akakaa chini mbele ya mama yake.

"Mama, twende kambini. Hapa utavunjika."

"Kambini nitatawadhia wapi? Kwenye foleni ya bomba, na wanaume wamejaa?"

"Mama..."

"Na huyu mke mwenzangu," akanigusa kichwa, maana ndivyo bibi zetu walivyotutania, "atasomea wapi? Amebakiza juzuu mbili."

Mwishowe Baba akasema ataleta fundi. Jiwe likitengenezeka, mama atabaki. Likishindikana, Jumapili ya wiki inayofuata atafunga mzigo. Bibi akakubali, na neno lake lilikuwa halirudi nyuma. Wiki ile nilimwomba Mungu kila sala, kwa Kiarabu nilichokijua na kwa Kiswahili kwa yale nisiyoyajua.

Jumamosi ikafika, na fundi akaja. Jina lake Kaloli, Mnyamwezi Mkristo, mtani wetu sisi Wazigua, kibarua wa mkonge aliyejifunza uashi Tabora. Baba alikuwa kwenye zamu, hivyo fundi alitukuta Bibi na mimi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mtani. Umetembea kutoka Tabora mpaka huku kuja kupindua mawe ya mume wangu?"

"Nimesikia Wazigua wanajikwaa nyumbani kwao wenyewe, nikaona haya, nikaja."

Bibi alicheka mpaka akashika goti. Nikaona huyu mtu atatufaa.

Jirani mmoja aliyekuja kutazama alipendekeza tupake saruji kidogo juu, upande uliozama, mambo yaishe. Fundi Kaloli akagonga jiwe kwa mtaimbo. Likatoa sauti ya debe tupu. "Chini hakuna kitu," alisema. "Juu nitapaka nini?" Akachimba pembeni, akaingiza mtaimbo, akaweka kipande cha gogo chini yake, akaegemea kwa uzito wake wote. Jiwe likainuka polepole. Chini yake palikuwa na pango, na vyura watatu walitutazama kama wenye nyumba. Alijaza changarawe na udongo mwekundu kwa tabaka, kila tabaka akilinyunyizia maji na kulishindilia kwa gogo. Mimi nilichota maji mtoni mara saba. Kisha akalishusha jiwe.

Kabla hajaanza, Bibi alikuwa amemwambia neno moja tu: "Mtani, niwekee sawa."

Na Fundi Kaloli aliweka sawa. Alitoa pima maji kutoka kwenye mfuko wake, ubao mfupi wenye kichupa cha kioo, na ndani yake kipovu kikitembea. Sikuwa nimewahi kuona kitu kizuri namna ile. Alikiweka kwa urefu, kwa upana, kutoka pembe hadi pembe, na kila mara kipovu kilisimama katikati kimya. "Bibi," alisema kwa fahari, "sawa kabisa. Hata ofisi ya Bwana Shamba haina sakafu kama hii." Akaosha zana zake, akaaga.

Alasiri Bibi akaenda kutawadha. La kwanza, la pili, la tatu, hakujikwaa. Nilijiona nimeshinda. Akamwaga kata ya kwanza, ya pili. Ghafla akasimama, akapapasa kwa vidole vya mguu.

"Maji hayaondoki," alisema.

Ilikuwa kweli. Maji yalitanda juu ya jiwe zima kama sinia, yakizunguka visigino vyake, na kuku walikuwa wameshapita hapo na uchafu wao, kwa hiyo hayakufaa kwa udhu. Bibi alitoka, akafuta miguu, akaanza upya pembeni kwenye majani. Huko hakukuwa na jiwe la kumwongoza. Alipapasa mtungi, akaukosa, akayumba, nikamdaka mkono. Magharibi ikawa hivyohivyo, na isha pia.

Jumapili asubuhi Baba alifika na kumkuta mama yake amechuchumaa majanini, goti likiwa limelowa tope. Aliingia ndani, akakunja mkeka, akatoa sanduku la bati nje.

"Kamwite mtani wangu," Bibi aliniambia.

Nilikimbia. Nilimngoja Fundi Kaloli nje ya kanisa lake mpaka walipomaliza, akatoka na shati jeupe lililopigwa pasi. Nilimwambia maji hayaondoki. Alidhani natania. Tulipofika, akaweka pima maji juu ya jiwe mbele ya Baba.

"Tazameni. Liko sawa!"

"Haliko sawa," alisema Bibi.

"Bibi, hiki kipovu hakisemi uongo."

"Mimi nilikwambia uniwekee sawa. Sawa kama alivyoliweka mwenyewe."

"Mwenyewe aliliweka vipi?"

"Liliinama kidogo, maji yakaenda zake."

"Sasa lililoinama ndilo sawa?"

"Kwa Mzigua, ndiyo! Kwa Mnyamwezi sijui, nyinyi mnaoga mara moja kwa safari."

Baba, aliyekuwa ameshika sanduku, alicheka bila kutaka. Fundi naye akakaa chini, akajipiga kwenye paja. Kisha akavua shati la kanisani, akanipa nilishike.

Shida ilikuwa moja: hakuna aliyekumbuka liliinama upande gani, wala kiasi gani. Basi Bibi akasema, "Nitasimama juu yake. Wewe inua, nitakwambia." Baba alimshika mkono mmoja. Fundi Kaloli akaingiza mtaimbo, akainua kidogo sana, akatia changarawe konzi moja. "Bado," alisema Bibi. Konzi nyingine. "Bado." Uso wake ulikuwa umetulia kama anasikiliza mtu aliye mbali. Konzi ya nne, nyayo zake zikatandaa juu ya zege.

"Hapo. Hapo hapo alipoliacha."

Nikamimina kata moja ya maji. Yalikusanyika, yakapita kati ya miguu yake, yakaelekea kwenye migomba, na jiwe likabaki na unyevu tu. Baba akapanda juu ya jiwe kulijaribu kwa uzito wake.

"Vua viatu," Bibi alimwambia. "Hapo ni pa kutawadhia."

Baba akavua viatu, akabeba sanduku, akalirudisha ndani.

Bibi aliishi kwenye nyumba ile mpaka Mola alipomwita, akiwa na udhu, na mimi nilihitimu Kurani mlangoni pake. Fundi Kaloli alikuja kumzika, akasimama nyuma ya safu akiwa ameshika kofia mkononi.

Leo wajukuu zangu wameutandika ua wangu vitofali vya rangi mbili, wakanionyesha kwenye simu: "Bibi, cheki, leveli iko poa!" Na kweli iko poa. Mvua ikinyesha, maji husimama, yakatafakari, halafu yakaja kunisalimu sebuleni, na fundi amezima simu. Siwalaumu, ni watoto wema, na wananibeba nikishindwa kutembea. Lakini siku walipokuwa wakipanga nilikaa kwenye kiti palepale, nikingoja mmoja aniulize nyayo zangu zinataka nini. Enzi zetu mtu alishushwa thamani na mengi, ila uani kwake aliulizwa.

Ewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akuthibitishie hatua zako, akupe watu wa kukushika mkono uzeeni, na asikuondoe nyumbani kwako ila kwa ridhaa yako na wakati wako. Amina.