Picha Isiyo na Wana-Mbuzi

Idarusi alivuka mto akiwa amekumbatia picha kubwa iliyofungwa kwa gunia, na harufu ya mbuzi ikamlaki kabla hajamwona hata mmoja. Fundi huyu wa fremu kutoka Pumwani alikuwa ameishi Unguja, Adeni na Bombei, lakini Kiamaiko, mtaa wa machinjio ya mbuzi karibu vile na kwake, hakuwa amewahi kufika. Aliuliza njia kila kona, akiruka vijito vya damu.

Chege, mwenye bucha na hoteli ya nyama choma, alimngojea mlangoni. Picha aliinunua kwenye mnada wa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, akampa Idarusi aitie fremu.

"Karibu fundi! Nilidhani mbuzi wameitafuna."

Wakaifungua mezani. Ilikuwa picha ya zamani, iliyochongwa kwenye bamba la shaba kwa mistari myembamba, kisha ikapigwa chapa kwa wino mweusi: kijito, mti, ng'ombe, mbuzi, na mchungaji aliyejilaza.

"Nieleze. Wateja wataniuliza," alisema Chege.

"Hii ni raha ya malisho," alisema Idarusi, kama alivyozoea kuwaambia wanunuzi. "Watu wa mijini walizitundika picha kama hizi ukutani, wajione nao wana nyasi, na wana muda wa kulala."

Magan, mchinjaji wa pale, aliingia akikausha mikono. Alitoka mbali kaskazini. Ukame wa mwaka ule wa themanini na nne ulikuwa umemaliza ngamia wake, akaja Nairobi kuchinja mifugo ya wengine. Nyumbani alibakisha mbuzi wachache wa maziwa, kwa ajili ya mama yake, mkewe Fatu na binti yao mchanga. Mbuzi hao hawakuwa wa kuuzwa. Wakiuzwa, mtoto hana cha kunywa. Ndiyo maana kila lori la mbuzi lilipoingia, Magan alishika masikio ya mbuzi kwanza, akitafuta mkato wa ukoo wake, mapengo mawili kwenye sikio la kushoto. Asipouona, alishukuru akanoa kisu. Wenzake walimtania kwamba anawasalimia mbuzi.

Sasa aliinamia picha, akawachunguza masikio.

"Masikio mazima. Hawa hawana mwenyewe." Kidole chake kikasogea. "Na viwele vimejaa. Wana wako wapi?"

"Labda wako zizini," alisema Idarusi. "Mchoraji hakuwa na nafasi."

"Na huyu? Mifugo iko majini, yeye kalala? Huyu hajalala, mzee."

"Wacha bwana!" Chege alicheka. "Usiniulie mchungaji hata sijamtundika!"

Magan naye akacheka. "Haya, wako zizini."

Honi ikalia nje. Lori lilikuwa limefika, na Magan akaenda. Idarusi alipotoka kutafuta mahali pa kuazima ngazi, alimkuta amesimama katikati ya mbuzi, ameshika sikio la kushoto la jike mmoja, lenye mapengo mawili. Kiwele cha yule mbuzi kilikuwa kimejaa hadi maziwa yanadondoka vumbini. Hakuna mwana aliyekuwa akilia nyuma yake.

"Hawa umenunua kwa nani?" Magan alimwuliza dereva.

"Mama mmoja mzee. Hata bei hakubishana."

"Alikuwa na nani?"

"Peke yake."

"Hakuwa na mwanamke kijana? Mwenye mtoto mgongoni?"

"Nimekwambia peke yake, ndugu yangu."

Magan aliachia sikio. Alivua aproni, akaikunja, akamkabidhi Chege, aliyekuwa ametokea mlangoni, pamoja na kisu.

"Mwambie mwenzangu Abdiqadir achinje hawa. Mimi siwezi."

"Labda mkeo yuko kwa jamaa zake," alisema Idarusi. Aliyasikia maneno yake mwenyewe, yakiwa na sauti ileile aliyosemea kwamba wana wako zizini.

Magan alipanda lori. Lori lilipogeuka tupu kuelekea kaskazini, alikuwa amekaa nyuma, juu ya samadi, akishika ubao.

Idarusi alirudi ndani, akapanda ngazi, akapigilia msumari. Nyuma ya nyumba mbuzi mmoja alilia, kisha akakatizwa.

"Fundi," Chege aliita kwa sauti ndogo, "upande wa kushoto umelala."

Idarusi akainyoosha bila kuitazama.