Salvia Zilizoota Dirishani

Mama Vifungo, fundi cherehani ambaye mifuko yake haikosi vifungo vya wateja, hakuwa mtu wa kuambiwa. Muuza mbegu alipompa pakiti ya mbegu za salvia, yale maua mekundu ya bustani, alimwonya, "Hizi usizifukie, mama. Zimwage juu ya udongo, zigandamize kidogo tu. Zinataka mwanga."

"Bwana wee! Mimi nimepanda maharage kabla wewe hujaota meno," akamkata kauli, akaenda zake. Nyumbani akajaza trei udongo, akatoboa vishimo kwa kidole, akazifukia zote kama maharage, kisha akashindilia kwa viganja.

Kila asubuhi akachungulia. Wapi! Na huku ameshawatangazia majirani wote kwamba mwaka huu ua wake utakuwa mwekundu hadi wapita njia wasimame.

Mtu akishajitapa hivyo, lazima apatikane mkosaji. Akapatikana mama mkwe wake, bikizee aliyependa kushika kopo na kumwagilia chochote chenye mizizi. Siku hizi alikuwa akisahausahau: chai anaitia sukari mara mbili, miwani anaitafuta na iko kichwani.

"Mama, umemwagia trei maji ya moto ya kuoshea vyombo!" Mama Vifungo akamwambia, sauti juu, mbele ya wajukuu. "Umeniulia mbegu zangu!"

Bikizee akalitazama kopo mkononi. "Inawezekana, mwanangu. Nisamehe. Kichwa hiki siku hizi hata mimi sikiamini."

Tangu hapo kopo hakuligusa. Akaliogopa na jiko pia. Akiitwa nje apunge upepo, anajibu kutoka chumbani, "Niacheni, nitaharibu tena." Mama Vifungo aliyasikia hayo yote, akaendelea kukanyaga cherehani yake. Moyoni alisema afadhali, sasa vitu vyangu vitasalimika. Mtu mzima na akili zake!

Sasa basi, kwenye dirisha la chumba cha kushonea kulikuwa na chungu cha mshubiri. Siku ile ya kupanda alikung'utia humo pakiti aliyodhani imekwisha, akasahau. Vikaota vimiche pembeni ya mshubiri. Akavidhania magugu, na kwa uvivu tu akaviacha. Vikakua, hadi asubuhi moja, akitafuta mkasi, akakuta kimoja kimetoa ua jekundu.

Salvia! Hizi hakuna aliyezifukia. Zililala juu ya udongo, mwanga wa dirisha ukazipiga, zikaota. Maneno ya muuza mbegu yakamrudia yote, na uso ukamwaka kwa aibu.

Alitamani azing'oe. Nani angejua? Alishalishika shina kabisa. Kisha akasikia kikohozi cha bikizee nyuma ya mlango uliofungwa mchana kweupe, akaliachia.

Akaingia na chungu mikononi. "Mama, hukuwa wewe. Mimi ndiye niliyezifukia. Niliambiwa nisizifukie, nikajifanya mjuaji, halafu nikabuni yale maji ya moto nikakusingizia wewe. Naona haya hata kukutazama. Nisamehe, mama."

Mama mkwe akaligusa ua kwa ncha ya kidole. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu.

"Kumbe si mimi?"

"Si wewe, mama."

Bikizee akakunja uso kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali. "Basi mbona nakumbuka, mwanangu? Nakumbuka kabisa yale maji yakitoa mvuke."

Mama Vifungo akakaa kitandani kando yake na chungu mapajani.