Shamba Lililomngoja Mama Mkwe

Harufu ya mboga ya mgagani inayochemka inamfikia mpita njia kabla hajaiona nyumba. Scovia Mong'ina ameinama mekoni, mwiko mkononi, na kila baada ya muda mfupi anatoka nje kutazama njia inayopanda kutoka soko la Sori, ufukoni mwa ziwa. Hatulii. Mara amkemee kuku, mara aiambie sufuria ipunguze haraka, kwani mwenyewe hajafika.

Leo mama mkwe wake, Rael Aloo, anatoka hospitali.

Nyuma ya jikoni kuna shamba tupu. Limelimwa likalainishwa, udongo umelowa vizuri, lakini hakuna hata jani moja la mahindi. Upande wa kushoto mahindi ya jirani yamefika magotini, na upande wa kulia mtama umeanza kufunika ardhi. Shamba la boma hili limekaa katikati yao kama meza iliyotandikwa bila chakula.

"Watu wakipita wanauliza kama hapa tuko na mgomo," anasema Scovia, akijipangusa jasho kwa kanga. "Nawaambia ndiyo, tuko na mgomo. Mkubwa wetu hayuko."

Scovia, mwenye umri wa miaka 34, ni mzaliwa wa Kisii katika familia ya Waadventista. Aliolewa hapa Nyatike, kaunti ya Migori, na Japheth Obare, mwendeshaji wa bodaboda. Kabla ya kipindupindu kuingia ufukoni, jina lake lilijulikana Sori kwa sababu ya kibanda chake cha chakula: ugali, omena, samaki wa kukaanga na mboga za kienyeji. Siku nzuri alikuwa akibaki na shilingi mia nane baada ya kuondoa gharama.

Ugonjwa ulipozidi, maafisa wa afya walifunga vibanda vyote vya chakula kilichopikwa. Wenzake walilalamika. Yeye aliosha sufuria zake, akazifunga kwa kamba na kurudi nyumbani.

"Kama ugonjwa inapitia kwa sahani, hata mimi singekula kwa kibanda yangu," anasema.

Mikono iliyozoea kulisha soko zima haikujua kukaa bure. Kando ya mlango wa jikoni alilima kitalu cha mboga, na juu yake akatundika kibuyu chirizi, mtungi mdogo wa plastiki unaoinamishwa kwa kukanyaga kijiti kilichofungwa kamba. Maji ya kunawa yanateremka kwenye mfereji mwembamba hadi kwenye mboga.

"Mtu akinawa, dek nayo inakunywa," anasema Scovia. "Kwa hivyo mimi nalazimisha kila mtu anawe, hata yule amekuja kuuliza njia tu."

Dek ndilo jina la mgagani kwa Wajaluo wa hapa Nyatike. Huko Kisii, kwa kina Scovia, mgagani huitwa chinsaga. Katika boma hili unaitwa majina yote mawili, kisha unagombaniwa. Rael alizoea kuuweka chunguni, kuuongeza maziwa na kuupasha moto siku baada ya siku hadi uchungu uishe. Scovia, akifuata mafunzo ya wahudumu wa afya ya jamii, sasa anapika kidogo, maziwa anatia papo hapo, na chakula kinaliwa kikiwa moto hadi kiishe.

"Mama alionja akasema hiyo si mboga, ni haraka imewekwa maziwa," anasimulia Scovia, na kicheko kinamfanya aketi chini.

Kicheko hicho kilipotea siku Rael aliporudi kutoka kumtembelea dadake ufukoni. Huko alikuwa amekunywa maji yasiyochemshwa. Kulipopambazuka, macho yake yalikuwa yamezama na sauti imekauka. Walimweka kwenye pikipiki katikati yao, Japheth mbele, Scovia nyuma, akimnywesha maji ya chumvi na sukari kila barabara iliporuhusu. Kipindupindu kilidhibitiwa, lakini figo zililegea, akahamishiwa hospitali Homa Bay.

Wiki hiyo hiyo, mvua ikaanza.

Hapo ndipo ulipo mkasa wa shamba hili. Kwa mila ya Wajaluo, mama mwenye boma ndiye hutia mbegu ya kwanza ardhini. Wao huita golo kodhi, yaani kutoa mbegu. Wake wa wanawe hufuata baada yake. Mboga za kando ya jikoni hazihusiki, lakini mahindi na mtama ni lazima vimngoje mkubwa.

Scovia aliijua mila hii kwa njia ya aibu. Msimu wake wa kwanza kama bi arusi, mvua iliponyesha alidamka, akachukua jembe na kupanda mistari mitatu ya mahindi huku akiimba nyimbo za kanisani. Alidhani anaonyesha bidii.

"Kwetu mvua ikinyesha unapanda. Hakuna mtu anangoja mwingine," anasema. "Nikaona watu wamesimama kwa njia wananiangalia tu. Nikafikiria wanasifu sauti yangu."

Wazee wa ukoo waliitana kabla ya chai ya saa nne. Walitaka kujua ni nani aliyemruhusu bi arusi kumpita mama mkwe wake, jambo ambalo kwao ni kama kumtakia kifo. Scovia alisimama pale, hajui hata kosa limelala wapi. Rael, ambaye ni Mkatoliki wa rozari na pia mshika mila asiyetaka mchezo, alitoka jikoni akipangusa mikono. Akawaambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyepanda shimo la kwanza, kabla hawajaamka.

Ulikuwa uongo mtupu. Wazee wakanywa chai, wakaenda zao.

"Hakunigombeza hata kidogo," anasema Scovia, na sasa sauti yake imeshuka. "Alinipeleka kando akaniambia, 'Nyar Kisii, mwaka ujao uniamshe.' Basi. Tangu siku hiyo ni mamangu."

Nyar Kisii, yaani binti wa Kisii, ndilo jina analoitwa hadi leo.

Kwa hiyo mvua ilipoanza na Rael yuko kitandani Homa Bay, Scovia aliliandaa shamba, akachagua mbegu, kisha akaegemeza jembe ukutani. Mama mkwe mwenyewe alipiga simu, akitumia ya kuazima kwa muuguzi.

"Nyar Kisii, mvua iko?"

"Iko, Mama."

"Basi panda. Mimi nimekubali."

Scovia alimwambia mtandao ni mbaya, akakata simu.

Japheth alicheka mwanzoni. Mvua ilipoendelea na majirani wakaanza kupalilia, kicheko kilimwisha. Mvua ya Nyatike si ya kuchezewa, hukatika bila kuaga, na kibanda kikiwa kimefungwa boma lilitegemea shamba hilo kwa chakula cha mwaka.

"Nilimwambia mke wangu, mama ameshasema panda, na hii mila hata si yenu. Tutakula nini?" anasema Japheth. "Huyu mtu ni kichwa ngumu, nakwambia."

Jirani yao Mourine alimkumbusha kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Scovia akamjibu kwamba kawia ufike. Lakini moyoni, anakiri, aliogopa. Usiku wa mvua kubwa alisikia maji yakishuka na kuhesabu chakula kinachopotea. Na bado hakuligusa jembe.

"Kwa hii boma, mtu anapanda bila mama wakati gani? Wakati mama amekufa," anasema. "Ningepanda, ni kama nimekubali hatarudi. Mkono ilikataa."

Ngurumo ya pikipiki inasikika. Scovia anaangusha mwiko.

Rael ameketi nyuma ya mwanawe, amejifunga leso mbili, amekonda hadi mashavu yamebonyea. Anateremshwa polepole. Scovia anataka kumkumbatia, lakini kwanza anamwelekeza kwenye kibuyu chirizi.

"Nimetoka hospitali, si shimo la taka," anasema Rael, huku akinawa.

Kiti kimewekwa kivulini. Anakipita. Kwa kumshika Scovia bega anazunguka jikoni, anasimama ukingoni mwa shamba na kulitazama kwa muda mrefu.

"Nyar Kisii, si nilikwambia upande?"

"Nilisikia, Mama."

"Sasa hii ni nini?"

"Nilikuwa nakungoja."

Midomo ya Rael inacheza kidogo, anageuza uso upande wa ziwa, kisha anakohoa kama mtu aliyemeza vumbi.

"Leta mbegu," anasema hatimaye.

Magoti hayana nguvu, kwa hiyo analetewa kigoda. Anaketi, anashika jembe karibu na chuma na kuchokoa ardhi. Japheth anasema hilo ni shimo la kuku. Mama yake anamwambia anyamaze, kwani hata yeye alizaliwa akiwa mdogo. Punje mbili za mahindi zinaingia, kiganja kinafukia. Anachokoa shimo lingine, la tatu, la nne, kisha anapumzika na kumnyooshea Scovia mpini.

"Haya. Sasa ni wewe."

Scovia analia waziwazi, anacheka waziwazi, na mistari yake ya kwanza inakwenda upogo kama njia ya mbuzi. Mourine anatokea uani na jembe lake begani. Nyuma yake wanakuja wanawake wengine wanne, wale wale waliokuwa wakiuliza habari za mgomo. Kabla jua halijapinduka, shamba limejaa vigelegele, na sehemu kubwa imepandwa.

Wanapanga foleni kunawa. Ugali unatoka ukifuka mvuke. Rael anaonja mgagani na kutangaza kwamba bado ni mchungu, kisha anaomba aongezwe.

Scovia hajidanganyi kuhusu mavuno. Amechagua mahindi yanayokomaa mapema na mtama unaovumilia ukame, na hata hivyo anatarajia magunia machache kuliko mwaka jana. Vibanda vikiruhusiwa tena, anapanga kurudi Sori na mboga za kitalu chake mwenyewe, na mlangoni atatundika kibuyu chirizi. Asiyenawa hatauziwa.

Mourine anamtania kwamba kwa ubishi alio nao, siku moja atakuwa mama mkuu wa boma, na ukoo mzima utasimama ukimngoja yeye atoe mbegu.

Scovia anatikisa kichwa. Anamtazama Rael, aliyesinzia kitini na sahani tupu mapajani.

"Mimi sitaki kuwa wa kwanza," anasema. "Naomba Mungu nipande wa pili, miaka mingi."