Kuna Kuanguka na Kuanguka

Jina la Mama Maneno alibandikwa na manesi, na mwanzoni lilimkera, maana lilimfanya aonekane mmbeya. Ukweli ni kwamba maneno ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Alikuwa mkalimani wa hospitali. Anakaa kwenye kiti cha plastiki kati ya mgonjwa na daktari mgeni, huyu akisema lake analipeleka kule, yule akijibu analirudisha huku. Kabla ya hapo aliifundisha lugha ya huyo daktari shuleni, mpaka vumbi la chaki likamshinda. Mumewe, fundi wa friji, alipenda kuwaambia watu kwamba mkewe sasa analipwa kwa kurudia maneno, kazi ambayo nyumbani alikuwa akiifanya bure.

Daktari mwenyewe alikuwa mtu mwema, mrefu kama nguzo ya umeme, mwenye bidii ya kujifunza Kiswahili. Bidii hiyo ndiyo iliyompa Mama Maneno kazi maradufu. Siku moja Mama Maneno aliingia akamkuta mzee mmoja anafunga vifungo vya shati mbiombio huku miguu inatafuta viatu. Kisa nini? Daktari alimwekea kile chombo cha kusikilizia kifua, akamwambia kwa upole, "Toa roho." Alikusudia pumzi. Mzee alisema yeye amefuata dawa ya kikohozi tu, hayo mengine bado hajajiandaa.

Haukupita muda, bibi mmoja akamleta mumewe, akaeleza kwamba mzee anaendesha tangu juzi, usiku kucha hajalala. Daktari akaona hili analiweza peke yake. Akauliza kama hakuna kijana nyumbani wa kumpokea. Mzee apumzike, akashauri, kijana aendeshe. Bibi akamtazama mumewe, akamtazama daktari, kisha akamgeukia Mama Maneno aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, akamwuliza polepole kama hiyo ndiyo dawa ya siku hizi. Mama Maneno ilibidi aangalie nje ya dirisha kidogo mpaka uso utulie. Alipomweleza daktari kwamba hapa hakuna gari, ni tumbo, daktari alicheka hadi machozi, na tangu siku hiyo akawa hasemi na mgonjwa bila yeye, isipokuwa salamu.

Basi Mama Maneno akajiona kafika. Akawa anatafsiri haraka, mgonjwa hajamaliza sentensi naye keshaimaliza, na foleni ikawa inakwenda vizuri.

Asubuhi moja akaingia bwana mmoja mpaka rangi na mkewe. Suruali ya yule bwana ilikuwa na madoa ya kijani, na mkono wa kushoto, uliovimba kwenye kifundo, ameupakata kama mtoto. Mkewe ndiye aliyeeleza kwamba ameanguka kazini, na safari hii ameanguka vibaya.

Mama Maneno akamwambia daktari, kwa lugha yake, kwamba mgonjwa ameporomoka kutoka kwenye ngazi. Kazi rahisi. Mkono ukapigwa picha, mfupa ukaonekana mzima, daktari akaandika bandeji na vidonge vya maumivu. Mume na mke wakashukuru, wakaanza kuinuka.

Hapo maneno ya mke yakamrudia Mama Maneno. Safari hii. Mbona hayo maneno hakuyafikisha? Aliyameza tu, kama mtu anavyomeza mate. Na ngazi je, aliitoa wapi? Hakuna aliyeitaja. Mke alisema ameanguka, basi. Na mtu huanguka kwa kuteleza, na mtu huanguka kwa kuzimika tu akiwa amesimama wima, na neno ni lile lile. Lugha ya daktari ina neno la hili na neno la lile, na yeye alishachagua moja bila hata kujua kwamba anachagua.

Uso ulimwaka. Angeweza kunyamaza, na daktari asingejua kamwe. Akamwomba asubiri kidogo, akamwambia kwamba amemfikishia jambo ambalo halikusemwa, na lililosemwa lina maana mbili. Daktari akaweka kalamu chini.

"Kaka," Mama Maneno akamwambia yule mpaka rangi, "ulipoanguka, ulijiona unaanguka?"

Mkewe akadakia kwamba aliteleza tu, sakafu ilikuwa na rangi mbichi, na hata hivyo wamechelewa, watoto wako peke yao.

"Nimemwuliza yeye, mdogo wangu," Mama Maneno akasema bila ukali.

Yule bwana akakaa tena kwenye kiti. "Sikujiona," akasema. "Niliinama kuchukua brashi, nilipoinuka nikaona giza. Nimekuja kuzinduka wenzangu wananimwagia maji."

Mengine yakafuata yenyewe. Haikuwa mara ya kwanza. Walificha kwa sababu hakuna bosi anayempandisha ngazini mtu wa kuanguka ovyo, na majirani wangeanza kunong'ona kwamba ana kifafa. Mama Maneno akayapeleka yote kwa daktari jinsi yalivyokuja, na lile giza akaliacha giza.

Daktari akamfunua kope, akaona weupe, akaagiza damu ipimwe. Ilikuwa pungufu mno. Kumbe mgongo ulikuwa ukimsumbua muda mrefu, naye akitafuna vidonge vya maumivu kama karanga, mpaka vikamtia vidonda vya tumbo vilivyokuwa vikivuja damu taratibu. Karatasi ya dawa ya mwanzo ikachanwa, na siku hiyo hiyo akalazwa, akaongezwa damu.

Tangu hapo Mama Maneno akawa anakwenda polepole. Neno lisipomwelea vizuri, anarudi kuuliza, au anampa daktari maana zote mbili achunguze mwenyewe. Foleni ikarefuka, manesi wakanung'unika, yeye akaziba masikio. Alipomsimulia mumewe, fundi alitafuta utani akaukosa, akaenda kumchemshia chai.

Yule mpaka rangi alirudi kupimwa akiwa na mashavu yenye damu. Bosi wake alikuwa ameambiwa kila kitu, akamhamishia kwenye milango na madirisha ya chini kwa muda. Wakati wa kutoka, mkewe alibaki nyuma kidogo mlangoni.

"Dada, siku ile nilikuchukia," akasema.

"Na leo?"

"Leo nina haraka, namsindikiza kazini."