Mchwa wa Mulinge, Kuku wa Kasiva

Kasiva wa Mukuyuni hajawahi kununua chakula cha vifaranga dukani, na ukimwuliza sababu atakucheka. Atakwambia chakula kipo, unakikanyaga tu. Jioni huchukua chungu kikuukuu, akakijaza mabua makavu na samadi, akakirashia maji kidogo, kisha akakifudikiza juu ya kichuguu kilicho nyuma ya ghala. Asubuhi akikifunua, mchwa wamejaa tele, na vifaranga wanamjia mbio wakikanyagana.

Jua hili tunalolilaani kila mwaka ndilo lililolilisha lile bua. Kuku hawezi kula bua kavu, wapi! Ila mchwa analiweza, kuku anamweza mchwa, na sisi, Mungu asifiwe, tunamweza kuku. Hivyo ndivyo Kasiva alivyoanza na tetea mmoja aliyepewa na mama mkwe, akafikisha kuku wa kujaza boma, hata msimu ule mahindi yalipokauka kabla ya kubeba. Kuku hao ndio walioilisha nyumba yake.

Shida ni mumewe, Mulinge. Yeye humwona mchwa adui tu. Mwezi uliopita nguzo ya ghala la ndengu iliinama, akaibonyeza kwa kidole, ikamwaga vumbi. Hasira zikampanda. Akaenda sokoni, akarudi na dawa isiyo na harufu, akaimimina yote kichuguuni Kasiva akiwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Hakumwambia mtu. Mwanamume mzima atangaze kwamba ameua wadudu?

Jioni Kasiva akatega chungu chake, na asubuhi akakifunua kama kawaida. Mchwa walikuwa wazito kidogo, akadhani ni baridi. Akawamwagia kuku. Kabla chai haijachemka, vifaranga wote walikuwa chali, miguu juu.

"Woi! Baba Muindi, njoo uone!"

Mulinge alikuja, akatazama, uso ukamshuka.

"Nilimwaga dawa jana," akasema. "Lakini ni ya mchwa, Mama Muindi. Si ya kuku."

"Na mchwa huliwa na nani? Na wewe?"

"Si hawa wakubwa ni wazima? Waache tu."

Kweli, kuku wakubwa walikuwa wakichakura, na tetea mmoja alikuwa ametoka tu kutaga, akipiga kelele za kujisifu. Mulinge aliinama kuokota vifaranga akawatupe kichakani, mkewe akamkataza. Mbwa atawala, mwewe atawala, nao wafe. Akawafukia mwenyewe.

Kesho yake alichemsha yai la yule tetea, akalimenya, akaweka chumvi kando, akamwandalia mumewe.

Mulinge alilitazama. Akanywa chai. Akalitazama tena.

"Kula basi," Kasiva akasema. "Si ulisema ni wazima?"

Hakuligusa. Alimaliza chai, akainuka, akachukua jembe, akaenda nyuma ya ghala kuchimba shimo la kuwatosha kuku wote. Kasiva alijifunga leso kiunoni, akaanza kuwakamata mmoja mmoja, akilia.